Aliyeuona mpira wa rejeta

Filamu ilikuwa haijachanganya. Bwana mmoja mwenye tai na masharubu amesimamisha gari lake jekundu kwenye kituo cha mafuta. Mhudumu amefungua boneti, amechungulia, kisha akamwambia mpira wa rejeta umechoka, ni vizuri akabadilisha. Yule bwana akajibu kwamba atabadilisha siku nyingine. Hapo Mjomba akaweka kikombe cha chai chini.

"Basi," akasema. "Huyu mlima hapandi."

Tulikuwa watano sebuleni kwangu, hapa Tanga: mimi, Mjomba, mtoto wa kaka yangu na rafiki zake wawili. Mjomba alikuwa ameshuka kutoka Korogwe kwa ajili ya kliniki ya macho. Vijana walikuja kwa sababu yangu, maana nilikuwa nimewaudhi.

Hawa vijana wana podikasti. Wanarekodia katika stoo ya kaka yangu, magodoro mawili yamesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi, simu imewekwa juu ya debe. Wameamua kupitia filamu za Steven Spielberg moja baada ya nyingine, kuanzia za ujana wake hadi za uzee. Mtindo huo wameuchukua kwa Wamarekani wawili, mwigizaji Griffin Newman na mhakiki David Sims, ambao tangu 2015 wana podikasti iitwayo Blank Check. Jina hilo maana yake ni hundi iliyotiwa saini bila kujazwa kiasi: mwongozaji akishapata filamu ya kumtajirisha mwenye studio, hupewa hundi ya namna hiyo akafanye anachokitaka, na hapo ndipo hujulikana ana nini moyoni. Wale wawili humchukua mwongozaji mmoja, wakapitia kazi zake zote, nzuri na mbovu, kila moja na kipindi chake, mara nyingi na mgeni. Kipindi kimoja kinaweza kupita saa mbili. Mtoto wa kaka yangu huwasikiliza akifua.

Naye akanitumia kipindi chao cha kwanza. "Shangazi, sikiliza halafu utuambie ukweli." Nikakisikiliza huku napepeta mchele, saa nzima na dakika kumi. Kilihusu Duel, filamu ya 1971 iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni ya ABC, Spielberg akiwa na miaka 24. Kisa chake ni kifupi: mfanyabiashara yuko safarini peke yake, analipita bowza kuukuu lenye kutu, na bowza hilo linaanza kumwinda mpaka mwisho wa filamu. Dereva wa bowza hatumwoni uso. Tunaona mkono, tunaona buti, basi.

Vijana walikuwa wamejiandaa, sitawadhulumu. Walijua mwandishi ni Richard Matheson. Walijua picha zilipigwa kwa muda wa kama wiki mbili tu. Walijua mngurumo unaosikika bowza likitumbukia korongoni ndio huohuo Spielberg aliourudia miaka minne baadaye, papa wa Jaws anapozama amekufa. Halafu wakabishana nusu saa nzima dereva yule ni nani: ni shetani, ni ubepari, au ni hofu ya yule bwana mwenyewe? Mgeni wao, kijana mwingine wa rika lao anayependa filamu kama wao, akaunga mkono shetani. Wakacheka sana. Nami nikacheka.

Lakini nilipomaliza mchele nikagundua kwamba katika saa nzima ya kuzungumzia filamu ya barabarani, hakuna aliyezungumzia barabara. Nikampigia simu mtoto wa kaka yangu. "Mnajua filamu," nikamwambia, "ila hakuna kati yenu anayejua gari. Njooni muitazame tena na babu yenu."

Akanuna kidogo, kisha wakaja.

Mjomba alianza kuendesha Fiat ya tela kwenda Zambia mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaja kustaafia kwenye Scania. Mlima Kitonga wa njia ya Iringa anauzungumzia kama watu wanavyomzungumzia mkwe mkorofi. Filamu hii hakuwahi kuiona. Kiingereza chake ni cha mpakani na cha karakana, kwa hiyo maneno mengi yalimpita, lakini hii ni filamu yenye maneno machache, na yaliyobaki gari lilimsimulia.

Tulifika pale ambapo bowza limembania yule bwana njia mara kadhaa. Ghafla mkono wa dereva unatoka dirishani na kumpungia: pita. Yule bwana anatoka apite, na mbele yake kuna gari linakuja. Anaponea chupuchupu. Vijana walikwisha kuiona mara tatu, wakatabasamu. Mjomba hakutabasamu. Alikaa kimya mpaka nikadhani macho yanamuuma.

"Huyu alikuwa bado ni mtu," akasema mwisho. "Anachokoza tu, madereva wachokozi wapo. Tangu hapa si mtu tena."

Akatueleza. Ukiwa nyuma ya lori lenye mzigo huoni mbele, dereva wa lori ndiye anayeona. Akikuwashia indiketa ya kushoto, anakuambia pita, njia nyeupe. Akiwasha ya kulia, subiri, kuna kitu kinakuja. Hamjuani, hamtaonana tena, na hakuna trafiki aliyemlazimisha kukusaidia. Lakini unalitoa gari lako na watoto wako ndani, kwa kuiamini taa moja ya mtu usiyemjua. "Sisi tumeishi kwa ishara hiyo," alisema. "Anayeitumia kukuua, huyo hana jina."

Kijana aliyekuwa ameshika daftari aliacha kuandika.

Nusu saa nzima walikuwa wamemtafuta shetani ndani ya vitabu, na kumbe alikuwa mkononi, pale dirishani, kwenye tukio la sekunde chache. Spielberg aliliweka makusudi: kabla ya mkono ule tuna dereva msumbufu, na baada yake tuna muuaji. Ila ili likuchome lazima ujue uzito wa ishara ile, na anayeujua ni aliyewahi kuitoa na kuipokea usiku, njia ya Iringa, mvua ikinyesha.

Basi na mpira wa rejeta nao ukatimia. Kuelekea mwisho yule bwana anakimbilia mlimani, akijipa moyo kwamba bowza zito haliwezi kumshinda kwenye mwinuko. "Hapo ana akili," Mjomba akasema. "Ila amesahau." Kweli, katikati ya kupanda moshi ukafuka, gari likachemsha, kasi ikafa. Vijana wakamgeukia Mjomba kama mganga aliyepiga ramli ikakubali. Yeye alikuwa anasikitika tu. "Aliambiwa na mtoto wa kituo cha mafuta. Angemsikiliza, filamu ingekuwa fupi."

Nawaomba wenye podikasti za filamu mtafakari ni nani aliyeuona mpira ule. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Mgeni anayekuja na yaleyale mliyonayo hamponyi mtu. Nimesikiliza podikasti za filamu za huku kwetu na za ng'ambo, na karibu zote mgeni ni mwigizaji, mchekeshaji, mwandishi au rafiki mwingine aliyeona filamu zilezile walizoona wenyeji. Wakikaa, wanatajiana filamu. Hii inafanana na ile, ile iliiga hii. Ni raha, siikatai, na Blank Check wenyewe wanaifanya kwa ufundi na kwa mapenzi ya kweli. Lakini filamu haikutengenezwa kuhusu filamu nyingine. Hii ilitengenezwa kuhusu mtu, gari na njia.

Na mwongozaji mwenyewe alilijua hilo kabla yetu. Alipokwenda kisiwa cha Martha's Vineyard kutengeneza Jaws, iliyotoka 1975, Spielberg hakuridhika na waigizaji peke yao. Alimchukua mvuvi wa hapohapo kisiwani, Craig Kingsbury, akampa nafasi ya kuigiza mvuvi, na maneno yake na namna yake ya kusema vikaingia kinywani mwa Quint, nahodha mwindaji wa papa aliyeigizwa na Robert Shaw. Kwa Jurassic Park ya 1993 alikuwa na Jack Horner, mtaalamu wa mifupa ya dinosaria. Kwa Saving Private Ryan ya 1998, waigizaji walikabidhiwa kwa Dale Dye, kapteni mstaafu wa kikosi cha Marine cha Marekani, awaendeshe mchakamchaka kwanza. Mwenye hundi isiyo na kiasi alikwenda kumtafuta mjuzi. Sisi tunaotumia simu juu ya debe tunaona hatumhitaji?

Najua jibu la vijana, maana walinipa palepale. Mtoto wa kaka yangu alisema, "Shangazi, tukimwalika dereva, atatuharibia. Atahesabu makosa. Filamu si mtihani wa leseni." Ana hoja. Sote tumewahi kukaa na mtu anayeshindwa kufurahia sinema ya vita kwa sababu bunduki imetoa risasi nyingi kuliko inavyobeba. Na Mjomba makosa aliyahesabu, sikatai. Alisema hakuna bowza lenye umri ule linalokimbia vile. Na lilipotumbukia korongoni, huku limeandikwa nyuma kwamba limebeba kitu cha kuwaka, likabiringika mpaka chini bila kulipuka, akauliza mbona moto hakuna. Kijana mmoja akajibu kwamba labda lilikuwa tupu. Mjomba akamtazama kwa huruma. "Bowza tupu lina mvuke. Hilo ndilo la kuogopwa zaidi. Hilo lenu lilibeba maji."

Tulicheka mpaka jirani akachungulia dirishani.

Lakini angalieni kosa hilo lilitufikisha wapi. Tulianza kuulizana kwa nini halikulipuka, wakati filamu yoyote ya aina hiyo ingetupa moto mkubwa tushangilie. Tukairudia picha ya mwisho: vumbi, usukani, chuma kinalia polepole, kisha yule bwana amekaa ukingoni peke yake jua likizama, anarusha vijiwe. Moto ungetupa ushindi, na pale hakuna ushindi, kuna mtu aliyebaki hai tu. Hapo vijana ndio waliotufundisha, maana kusoma picha wanajua. Mjomba alileta swali, wao wakaleta jibu. Kila mmoja peke yake asingefika.

Wala hili si geni kwetu. Waliokulia kwenye mabanda ya video wanamkumbuka Lufufu wa Dar es Salaam, na wa Kenya wanamjua DJ Afro. Watu hawakulipa kiingilio ili watafsiriwe maneno peke yake. Walilipa kwa sababu msimuliaji aliichukua filamu ya Hong Kong au ya Marekani akaipitisha katika maisha ya waliokaa kwenye benchi: stelingi akawa na deni la kodi, adui akawa na tabia za mwenye nyumba. Mazungumzo juu ya filamu tulikuwa nayo kabla neno podikasti halijafika, na yalikuwa mazungumzo ya watu wenye kazi zao, wabeba mizigo na mafundi, kila mmoja akidakia pale anapopajua. Magodoro ya stoo yamezuia mwangwi, sawa. Yasizuie na watu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na gharama yake ni nauli ya daladala na chai. Mkizungumzia filamu ya hospitali, mleteni muuguzi wa zamu ya usiku. Ikiwa ya mahakama, mleteni karani aliyeketi miaka ishirini akiandika watu wanavyoapa. Ikiwa ya harusi, mpishi wa pilau anajua ugomvi huanzia wapi. Asiwe mgeni rasmi wa kuulizwa swali moja kisha akashukuriwa. Ketini naye, aione filamu mbele yenu, mkae kimya pale anaponyamaza.

Vijana walirekodi upya kipindi chao cha Duel palepale sebuleni, feni imezimwa, sote tunatoka jasho. Mjomba alizungumza kuhusu indiketa, kuhusu mpira wa rejeta, kuhusu maji. Walipomaliza, mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa amenuna nilipompigia simu, akamshika mkono. "Babu, kinachofuata ni kile cha papa. Tutakuja kukuchukua Korogwe."

Mjomba akatikisa kichwa, anatafuta kandambili zake kwa mguu maana macho yalikuwa bado na dawa.

"Mimi bahari sijawahi kuiingia kupita magoti," akasema. "Kesho alfajiri nendeni ufukweni Deep Sea, mkamtafute mtu anayenuka samaki."

Walikwenda.