Bastola ya zamani haisafishwi mezani pa chakula

Mashariki mwa Kongo kuna askari na polisi wengi wanaoishi na jamaa zao, na silaha inalala chini ya paa moja na watoto. Siku ya kuisafisha inafunguliwa pale pale nyumbani. Kusafisha ni lazima, lakini kazi hiyo ina mahali pake, na mahali hapo si nyumbani.

Mfano ni bastola ya Browning GP 35, iliyotengenezwa na kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji. Chombo chake cha risasi kinabeba 13. Kikitolewa, kuna kifaa ndani kinachozuia kifyatulio kufanya kazi. Hapo ndipo mtego ulipo. Mtu anatoa chombo, anavuta kifyatulio, hasikii kitu, anasema ni tupu. Kumbe risasi moja imebaki ndani ya mtutu. Akirudisha chombo, hata kama ni kitupu, na kuvuta tena, risasi inatoka. Tokarev ya Urusi, kwa upande wake, ilitengenezwa bila kitufe cha usalama.

Hata usafi wenyewe unahitaji ujuzi. Risasi nyingi za kijeshi za zamani zina fataki inayoacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo inavuta unyevu, na kutu inafuata. Mafuta peke yake hayaiondoi. Maji ya moto ndiyo yanaiyeyusha, kisha chuma kinakaushwa vizuri na kupakwa mafuta. Asiyejua hayo anaharibu silaha akidhani ameitunza.

Kuna atakayesema kwamba adui yuko karibu na askari hawezi kuachana na silaha yake. Ni kweli. Lakini kulala na silaha ni jambo moja, kuifungua mbele ya watoto ni jambo lingine.

Mapatano ya Kinshasa ya tarehe 30 Aprili 2010 kuhusu silaha ndogo katika Afrika ya Kati yanataka akiba za silaha zitunzwe kwa usalama. Kwa kamanda wa kambi, hilo linaweza kuanza kwa meza moja, mifuko ya mchanga, na mkubwa mmoja wa kusimamia. Chombo cha risasi kitolewe kwanza. Kisha mtutu ufunguliwe, utazamwe kwa macho na kuguswa kwa kidole, mdomo wake ukielekea mchangani. Mtu wa pili athibitishe. Risasi zote ziwekwe mbali kabla kipande chochote hakijatolewa.

Na raia aliyekuta bastola ya zamani katika sanduku la marehemu, asiifungue wala asiisafishe. Awaondoe watoto, afunge mlango, aite mjuzi wa silaha. Kutu ya nje haimaanishi kwamba risasi ya ndani imekufa.