Sabuni Yetu na Sabuni ya Dukani

Ndugu Wanachama,

Baadhi yenu mmetuuliza matawini kwa nini jumuiya ya wakulima wa karafuu ijishughulishe na mambo ya sabuni. Mwasema kazi yetu ni mikarafuu, wachumaji, majamvi ya kuanikia na bei ya msimu. Sabuni ni kazi ya mwenye duka. Suali hili ni la haki, na leo twataka kulijibu kwa urefu kidogo. Rai yetu ni kwamba nyumba ya mkulima wa karafuu yafaa ioge na kufua kwa sabuni iliyotengenezwa hapa visiwani, kwa mafuta yetu na mikono yetu, kwa sharti kwamba sabuni hiyo imepikwa kwa kipimo na kuuzwa kwa ukweli.

Tuanze na fedha. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Msimu mkubwa hupita, kisha huja mwaka ambao mtu hapati hata pishi chache za kumtoshea karo za watoto. Lakini sabuni hainunuliwi kwa msimu. Yanunuliwa kila wiki, mwaka mzima. Mafuta yanayopikiwa sabuni nyingi za viwandani ni ya mawese, na sehemu kubwa ya mawese ya dunia yatoka Indonesia na Malaysia. Wazee wetu waijua Indonesia vizuri. Ndiyo iliyokuwa ikinunua karafuu zetu kwa wingi kwa ajili ya sigara zake za kretek, hata ilipopanda mikarafuu yake yenyewe ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 soko letu likaanguka. Leo twaipelekea fedha kwa mafuta ya sabuni, na huku minazi yetu twaikata mbao.

Sasa tutazame sabuni yenyewe. Sabuni, iwe ya kiwanda au ya jikoni, ni mafuta yaliyokutana na kostiki, yaani magadi makali, yakageuka kitu kingine. Katika kugeuka huko huzaliwa pia gliserini, ambayo huvuta unyevu na kuilainisha ngozi. Viwanda vikubwa mara nyingi huitoa gliserini hiyo na kuiuza mbali, kwa kuwa ina bei nzuri. Katika sabuni ya mkono hubaki ndani. Tena baadhi ya vipande vinavyouzwa madukani kwa jina la sabuni si sabuni hasa, bali ni sabuni za kemikali zilizotengenezwa kwa njia nyingine.

Wapo wanaoamini kwamba sabuni iliyoandikwa kuwa yaua vijidudu ndiyo safi zaidi. Mwezi wa Septemba 2016 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilipiga marufuku dawa 19 zilizokuwa zikitiwa katika sabuni za namna hiyo za kuogea na kunawia, miongoni mwao triklosani, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba zasafisha kuliko sabuni ya kawaida na maji. Kwa hivyo mama anayemnawisha mtoto wake kwa sabuni ya nazi hana upungufu wowote.

Lakini hatutaki kumwonea mwenye duka. Sabuni ya kawaida ya dukani si sumu, na asemaye hivyo ili auze yake amesema uwongo. Baadhi ya vile vipande vya kemikali huwa vipole kuliko sabuni yoyote kwa mwenye ngozi mbovu, kwani sabuni ya kweli, hata ya mkono, ina ukali wake wa magadi. Sabuni tunayoikataa kabisa ni ile ya kujichubua iliyotiwa zebaki. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu figo. Mkataba wa Minamata, uliokubaliwa na mataifa huko Japani mwaka 2013, wavikataza vipodozi vya namna hiyo, na sheria za nchi yetu zavikataza pia. Hata hivyo bado hupenyezwa. Mwanachama akiviona dukani asinyamaze.

Basi sisi tuna nini cha kupikia? Tuna nazi. Tuna mafuta ya makonyo na ya majani ya mkarafuu, yanayokamuliwa katika kiwanda cha ZSTC huko Wawi, Chake Chake. Tuna mwani, ambao umelimwa kwa biashara visiwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, nao wakulima wake wengi ni wanawake. Kwa miaka mingi mwani huo umesafirishwa mkavu, mbichi wa kazi, kwa bei ndogo, kama karafuu zetu. Lakini wanawake wa kikundi cha Tusife Moyo huko Kidoti, na wenzao wa Paje, walianza kuusaga na kuutia katika sabuni ya mafuta ya nazi na viungo. Mwani ule ule ambao gunia lake halikumpa mtu nauli ya kutosha, ndani ya sabuni umepata thamani. Somo hili ni letu pia, sisi tuliozoea kupeleka gunia na kungoja bei.

Nazi peke yake haitoshi. Sabuni ya nazi tupu ni ngumu na yatoa povu jingi, hata katika maji ya chumvi, lakini hukausha ngozi. Yahitaji mafuta laini ya kuituliza, na hayo visiwani hatuna ya kutosha. Bara yapo. Mkoa wa Manyara, katika wilaya za Hanang na Mbulu, hulima alizeti, na mafuta ya alizeti ndiyo hasa yanayohitajiwa na nazi. Wakulima wa huko nao wana kilio kama chetu. Mwaka 2023 bei ya alizeti iliporomoka baada ya ushuru wa mafuta ya kutoka nje kupunguzwa, na watu wakabaki na magunia. Tukinunua mafuta kwa vyama vyao vya ushirika, mkulima atakuwa amemnunulia mkulima, na fedha itazunguka ndani ya nchi.

Juu ya kipimo hatuna mzaha. Kwa gramu 700 za mafuta ya nazi na gramu 300 za alizeti, kostiki safi ni gramu 160 na maji gramu 320. Hupatikana vipande 12 hivi vya gramu 100. Vipimo hivi hupimwa kwa mizani. Kikombe na kukisia havifai, kwani kostiki ikizidi huunguza ngozi. Kostiki hutiwa ndani ya maji. Maji yasitiwe juu ya kostiki, yatalipuka usoni. Sufuria za alumini zisitumike, kwa sababu kostiki huzila. Watoto wawe mbali. Mafuta ya karafuu yatosha gramu 5 kwa kilo moja ya mafuta, na yatiwe mwisho, kwani huufanya uji wa sabuni ugande ghafla mkononi. Kisha vipande viachwe kwenye chanja wiki nne hadi sita. Anayeuza sabuni ya juzi ameuza maji na ukali.

Tena neno "asili" lisiwe kinga ya kila kitu. Mafuta ya karafuu ni ya asili, na bado wapo watu ambao ngozi zao huyakataa. Basi kila kipande kiandikwe kilichomo. Wala asiandike mtu kwamba sabuni yake yaponya ukurutu au pumu. Sabuni husafisha, mgonjwa apelekwe hospitali. Na mafuta ya karafuu yanunuliwe kiwandani kwa risiti, ili asipatikane mtu wa kusema kwamba jumuiya yetu imefungua mlango wa magendo.

Pingamizo kubwa ni bei, na tumelisikia. Sabuni nyingi za mkono zilizopo leo zimefungwa kwa ajili ya watalii, na kipande kimoja chaweza kuzidi posho ya nyumba ya siku nzima. Sabuni hiyo na iendelee, kwani yaleta fedha. Sisi twataka ya pili: isiyo na kisanduku wala utepe, ikatwe miche, iuzwe tawini kwa wanachama. Kama hesabu itaonyesha kwamba hata hiyo ni ghali kuliko ya dukani, tutasema hivyo hivyo, na kila mtu ataamua ikiwa tofauti hiyo yastahili kubaki kijijini kwake.

Kwa hivyo twapendekeza mambo matatu kwa mkutano mkuu. Kwanza, kila tawi lichague kikundi kimoja cha wanawake na kukikopesha mizani. Pili, kikundi hicho kiwapelekee sabuni yake wakaguzi wa viwango wa ZBS kabla ya kuuza hata kipande kimoja nje ya tawi. Tatu, washika fedha waandike hesabu ya gharama na kuibandika ukutani, ili kila mwanachama aisome.

Mwenye rai nyingine na aje nayo mkutanoni. Tutaisikiliza.

Katibu wa Jumuiya