Kufunga Kusiko na Kufungua

Aprili 2023 makaburi ya Shakahola, Kilifi, yalianza kufukuliwa, na miili iliyopatikana ikazidi 400. Upande wa mashtaka ulidai kuwa waumini waliaminishwa kwamba kufa njaa ni njia ya kukutana na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie akakana mashtaka. Hukumu ni kazi ya mahakama. Langu mimi ni neno.

Kitenzi funga kina mwenzake, fungua, na saumu ikiisha husema tumefungua. Anayefunga asiwekewe saa ya kufungua hajafunga. Ameacha kula tu, na kiumbe aachaye kula hufa. Isaya, mlango wa 58, anakwenda mbali zaidi: saumu aipendayo Mungu huwaweka huru walioonewa na kumlisha mwenye njaa. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuusoma mlango huo kwa dakika 5, bila kumngojea mhubiri amfasirie.

Hapa Changamwe, kila nisikiapo tangazo la mfungo, huuliza swali lisilopendwa na baadhi ya wachungaji: chakula tusichokula amepewa nani? Wapo vibarua wa viwandani na bandarini washindao na njaa pasipo kutangaziwa mfungo wowote.