PICHA ZA HARUSI ZENYE PEMBE NYEUSI: VINTEJI AU KAZI MBOVU?

Stori inayotembea sasa hivi kwenye magrupu ya WhatsApp, Maswa mpaka Bariadi, ni ya mpiga picha mmoja mwenye jina kubwa Mwanza (jina linahifadhiwa) aliyeshuka Malampaka kupiga picha za wachumba pale stesheni ya treni. Wazo lenyewe lilikuwa kali. Reli ya Tabora–Mwanza ipo tangu 1928, kwa hiyo kamera ya mkanda pale inanoga kuliko filta ya simu.

Balaa likaja mkanda uliposafishwa. Kati ya picha 36, kibao zina duara jeusi pembeni, utadhani mtu alikuwa anachungulia kwenye bomba. Picha ya familia nzima ndo imeumia zaidi. Shangazi wa bibi harusi, aliyesimama mwisho wa mstari, kamezwa na giza. Jamaa kuulizwa, kajibu kwa mkato: "Hiyo ni vinteji, hamjui sanaa."

Mitandaoni wamegawanyika, lakini ukweli hauna timu. Jamaa alichukua lenzi ya kamera yake ya digitali, ile 18-55 inayokuja na kamera, akaifunga kwenye Nikon ya mkanda. Inaingia vizuri tu, maana mdomo wa Nikon ni uleule tangu 1959. Ila lenzi hiyo imetengenezwa kwa sensa ndogo, kama milimita 24 kwa 16. Fremu ya mkanda ni 36 kwa 24, eneo zaidi ya mara mbili. Lenzi inamwaga duara la mwanga, na duara hilo halifiki pembeni. Ukipanua mpaka 18 ndo giza linakolea. Ukivuta mbele linapungua.

Kuazima lenzi ya digitali si kosa. Mtaani mtaji ni mdogo, mtu anatumia alichonacho. Tena zipo zinazokubali, kama ile 35mm f/1.8 ya DX, inafunika karibu fremu yote, pembe tu ndo zinafifia. Wenye Canon ndo wasijaribu kabisa: lenzi za EF-S hazikutengenezwa kukaa kwenye kamera za mkanda.

Kinachokera ni hiki: giza lile huwa linaonekana. Kamera hizo ukichungulia unaona kupitia lenzi yenyewe, na pembe nyeusi unaziona kabla hujabonyeza. Kwa hiyo jamaa ama hakuangalia, ama aliona akaendelea na hela ya watu. Angesogea nyuma, akavuta lenzi mbele kidogo, shangazi angeonekana. Au angewaambia wateja mapema, "Picha zitakuwa na duara jeusi, mnataka?" Wakikubali, hapo ndo inaitwa sanaa.

Sanaa ni kitu ulichokusudia. Kuita kosa vinteji baada ya mkanda kusafishwa ni kutafuta pa kujifichia, na kumtukana mteja juu yake ni kumkosea mara mbili. Digitali unafuta unapiga tena. Mkanda ukishaungua umeungua, na familia ile haitakusanyika tena kirahisi.

Jaribu lenzi yako kwa mkanda wako, siyo kwa harusi ya mwenzio.

Haya wadau, ungekuwa wewe bwana harusi, hela iliyobaki ungemalizia? Dondosha komenti hapo chini.