Jirani Aliyepiga Hodi Bila Miadi

Baadhi yenu wasomaji wa ukurasa huu mmeuliza kama maisha ya familia ya mmisionari huku Ujerumani ni maombi na mahubiri tu. Hapana. Sehemu kubwa ni takataka, ngazi na vikombe vya kahawa. Na kicheko kingi, ashukuriwe Mungu.

Mnajua historia yetu. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Mmoja wao, Bruno Gutmann, alifika mwaka 1902, akaketi na wazee wa Kichaga na kuandika mila na sheria zao. Sina shaka bibi zetu walicheka waliposikia salamu zake za kwanza. Siku hizi makanisa hubadilishana watumishi, na mchungaji wa Kilimanjaro anaweza kutumwa Leipzig. Ndivyo mume wangu alivyotumwa, nami na watoto tukafuata na masanduku. Sasa zamu ya kuchekwa ni yetu.

Somo la kwanza lilikuwa takataka. Uani kwetu kuna mapipa manne: la kahawia la maganda na mabaki ya chakula, la buluu la karatasi, la njano la vifungashio, na jeusi la vinavyobaki. Chupa za glasi zina mapipa yake barabarani, kila rangi na lake, na Jumapili hazitupwi kwa sababu ya kelele. Mume wangu amesoma theolojia miaka mitano, lakini siku ya kwanza kifuko kimoja cha majani ya chai kilimshinda. Majani ni ya kahawia, kikaratasi ni cha buluu, na kile kipini cha chuma je? Alisimama pale mpaka mama mzee wa ghorofa ya kwanza, mjane anayeishi peke yake, akashuka na mkongojo kumfundisha. Tangu siku hiyo humwita "mwanafunzi wangu".

Kanisani nako kulikuwa na vituko. Jumapili ya kwanza Mchungaji alipanda madhabahuni, akasema kwa Kijerumani na kwa sauti ya nyumbani, "Bwana asifiwe!" Akasubiri. Kimya. Akarudia. Mpiga kinanda akadhani mgeni amesahau maneno, akamwokoa kwa kuanzisha wimbo. Baada ya ibada, kwenye kahawa, tuliwaeleza kwamba kwetu watu huitikia "Amina". Mzee mmoja wa kanisa alilipenda jambo hilo kupita kiasi. Sasa anaitikia "Amina!" hata linapotolewa tangazo la gharama za kupasha kanisa joto.

Mzee huyohuyo alitaka kutualika nyumbani kwake. Akatoa kitabu cha ratiba, akapekua, akatupa nafasi wiki tatu mbele, Jumamosi saa tisa na nusu alasiri, kahawa na keki. Mtoto wetu wa kiume akaninong'oneza, "Mama, tukisikia hamu ya keki kabla ya hapo, tumpigie nani?"

Ikafika Desemba 5. Usiku huo watoto wa huku huweka viatu mlangoni, na asubuhi ya sikukuu ya Nikolaus, tarehe 6, huvikuta vina peremende na karanga. Watoto wetu waliambiwa shuleni, wakavipiga viatu brashi, wakaviweka nje. Saa nne usiku Baba yao akapita, akaona viatu vizuri vimelala nje ya mlango, akaviingiza ndani na kufunga kwa funguo mbili. "Hawa watoto watatembea peku!" Asubuhi tulikuta mifuko miwili ya peremende imening'inizwa kwenye kitasa. Yule bibi wa ghorofa ya kwanza alikuwa amepanda ngazi na mkongojo wake, akakosa viatu, lakini hakukubali kushindwa.

Huyo bibi ndiye ninayetaka mumjue. Binti yetu mdogo hawezi kumpita mzee bila kumwamkia. Kila asubuhi akienda shule alisema mlangoni kwake, "Shikamoo, Bibi!" Bibi akauliza maana. Nilipomwambia kwamba zamani ilimaanisha nashika miguu yako, alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi, maana miguu yake ndiyo inayomsumbua zaidi. Akajifunza jibu. "Marahaba" yake sasa inasikika mpaka kwetu juu.

Majira ya baridi binti alishikwa na homa, akalala siku tatu. Siku ya tatu mlango uligongwa. Alikuwa Bibi, na sufuria ya supu, bila miadi, bila kitabu cha ratiba. "Shikamoo yangu iko wapi?" akauliza. Alipomwona mtoto kitandani alituliza sauti. Kisha jikoni aliniambia, "Mimi nimemkosa huyu siku tatu tu nikapanda. Kabla hamjaja, kama mimi nisingeonekana siku tatu, nani angepanda?" Watoto wake wako miji ya mbali.

Sehemu hii ya Ujerumani watu wengi si wa kanisa lolote, na Bibi ni mmojawapo. Hajaja ibadani, wala hatumsukumi. Lakini binti yangu sasa ana agizo: asubuhi Bibi asipoitikia, arudi haraka kuniita.

Basi, ndugu msomaji, kama usharikani kwenu yuko mmisionari kutoka ng'ambo, msimwekee tu kiti cha mbele. Mcheke naye. Mfundisheni salamu, na akiikosea mfundisheni tena. Na kwenye mlango wa mzee anayeishi peke yake, usipite kimya kesho asubuhi. Mwamkie, kisha subiri mpaka usikie marahaba.

Tukutane wiki ijayo.