KIJANA WA KIHESA SI MVIVU, HAJAFUNDISHWA KAZI

Ndugu msomaji, pita Kihesa asubuhi yoyote, uingie gereji ya kwanza utakayoiona. Utamkuta kijana mwenzako, mwaka wa tatu huu ni spana boi. Anashika tochi, anaosha vyuma, anatumwa chai. Injini ikifunguliwa, fundi anamgeuzia mgongo. Gari likirudi bovu, anayeitwa mvivu ni yeye!

Tunasema bila kumung'unya maneno: huo si uvivu. Hakuna awezaye kufanya vizuri kazi asiyofundishwa. Fundi anaficha ujuzi akihofia kunyang'anywa wateja. Anasahau kwamba siku akiugua yeye, gereji nzima imeugua.

Ushahidi tunao hapa hapa Iringa. Wengi wenu mnaijua Tancut Almasi kwa bendi yake. Lakini nyuma ya bendi kulikuwa na kiwanda cha kukata almasi. Jiwe gumu kuliko yote duniani halikatwi na mtu aliyejifunza kwa kutumwa chai. Watu walifundishwa kazini, hatua kwa hatua, wakaweza. Kiwanda kilipofungwa, ujuzi ule ukakosa pa kurithishwa.

Wakubwa nao wasijifiche. VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Waajiri wakakatwa tozo ya kuendeleza ufundi stadi: asilimia 6 ya mishahara hadi mwaka 2013, ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi 3.5 mwaka 2023. Kwa miaka mingi VETA iliambulia theluthi moja tu ya fedha hizo. Theluthi mbili zilimezwa na Hazina. Je, spana boi wa Kihesa alionja hata senti?

Tunataka mambo mawili. Kwanza, VETA inao utaratibu wa kumpima aliyejifunzia ufundi kazini na kumpa cheti. Uletwe Kihesa, gereji kwa gereji, kwa ada ambayo mlalahoi anaimudu. Pili, kila fundi atenge saa moja kwa wiki, aeleze mbele ya vijana wake kosa lililotokea na sababu yake. Hilo halingoji bajeti ya Bunge.

Nawe kijana, usikae kimya. Uliza. Nunua daftari, andika kila unachokiona. Usikubali kuzeeka ukimshikia mwenzako tochi.