Simu Yako Isifungwe, Wala Isiachwe Wazi



Kuna hoja mbili ninazozisikia mara kwa mara, darasani na kwenye vibanda vya mafundi simu, huku Mbale na kule Jinja. Ya kwanza yasema: simu ni hatari, kwa hiyo programu zote zitoke kwa kampuni moja kubwa, na serikali iwe na uwezo wa kuzifunga nyingine zote. Ya pili yasema: simu ni mali yangu, nimeinunua kwa fedha yangu, basi nitaweka ndani yake chochote nitakacho bila kuulizwa. Nashikilia kwamba hoja zote mbili ni potofu. Tena zote mbili zinamwacha bila kinga mtu yuleyule, yaani wewe mwenye simu ya bei nafuu, unayebonyeza neno “Kubali” chini ya masharti ambayo hukuyasoma.

Tufafanue maneno kwanza, kwa sababu mijadala mingi huharibikia hapo. Programu ni mkusanyiko wa maagizo yanayoiwezesha simu kufanya kazi fulani. Msanidi ni mtu anayeitunga programu hiyo. Msanidi wa nje ni yule asiyeajiriwa na kampuni iliyotengeneza simu au mfumo unaoiendesha. Programu ya benki, ya kamusi, ya kuita bodaboda, zote ni kazi za wasanidi wa nje. Kusakinisha ni kuiweka programu ndani ya simu ili ianze kufanya kazi.

Sasa historia fupi. Simu ya iPhone ilipoanza kuuzwa Juni 2007, wasanidi wa nje hawakuwa na nafasi ndani yake. Waliambiwa watengeneze kurasa za mtandaoni tu. Wengi walilalamika. Oktoba mwaka huohuo Steve Jobs, kiongozi wa Apple, alitangaza kwamba mlango utafunguliwa, na akakiri kwamba kampuni ilikuwa inajaribu kufanya mambo mawili yanayovutana: kuwakaribisha wasanidi, na wakati huohuo kuwakinga watumiaji dhidi ya virusi. Duka la programu la Apple likafunguliwa Julai 2008 likiwa na programu zipatazo 500. Oktoba 2008 Android nayo ikafungua duka lake, lakini ikaongeza jambo moja kubwa: mwenye simu aliruhusiwa kusakinisha hata programu isiyotoka dukani. Simu nyingi zinazouzwa Naboa Road hapa Mbale, au Main Street kule Jinja, ni za Android. Mlango huo wa pili, basi, umo mifukoni mwetu.

Je, kulikuwa na haja ya kufungua? Ndiyo, na wala sioni aibu kulitetea jambo hilo. Nani huko California angeamka asubuhi akawaza kutunga kamusi ya Lumasaaba, au mazoezi ya ngeli kwa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wa Busoga? Kazi kama hizo hufanywa na watu wanaoishi karibu na shida yenyewe. Mlango ukifungwa, sisi tunabaki wateja milele, na kijana wa Mbale mwenye akili ya kutunga programu anabaki na akili yake mezani.

Lakini anayeshika hoja ya pili asishangilie mapema. Watu wengi hutumia matoleo ya WhatsApp yaliyochezewa, yale yanayoahidi kuonyesha ujumbe uliofutwa au kuficha kwamba umesoma. Hayapatikani katika duka rasmi. Hunakiliwa kutoka simu hadi simu, au fundi hukuwekea kwa shilingi chache. Agosti 2021 wachunguzi wa kampuni ya Kaspersky walitangaza kwamba toleo mojawapo la FMWhatsApp lilikuwa limebeba kirusi kiitwacho Triada. Kirusi hicho hukusanya alama za utambulisho wa simu, kisha huingiza virusi vingine vinavyoweza kumwandikisha mwenye simu katika huduma za kulipia bila yeye kujua. Aliyetaka kusoma ujumbe uliofutwa na rafiki yake alikuwa amemkaribisha mgeni asiyemjua asome simu yake yote. Kusema “simu ni yangu” hakumzuii mwizi uliyemfungulia mwenyewe.

Na anayeshika hoja ya kwanza asicheke. Mwaka 2020 wachunguzi wa kampuni ya Upstream walieleza kwamba Triada hiyohiyo ilikutwa ndani ya simu mpya za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika. Mnunuzi hakusakinisha kitu. Kirusi kilitangulia kufika. Tazama pia programu za mikopo ya haraka. Jirani yangu mmoja alichelewa kulipa mkopo mdogo, na kabla ya jioni mashemeji zake, mwalimu wa mtoto wake na hata mteja wake wa nyanya walikuwa wamepokea ujumbe unaomwita mdaiwa sugu. Programu ile ilikuwa imesoma orodha yake yote ya namba. Tatizo hili halikuwa lake peke yake. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya aliitoza kampuni ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia namba za watu kuwasumbua. Na mwaka huohuo, kuanzia tarehe 31 Mei, Google ilizikataza programu za mikopo zilizomo dukani mwake kusoma orodha ya namba na picha za wateja. Fikiri maana ya katazo hilo: hadi siku hiyo, programu za namna hiyo ziliweza kufanya hivyo zikiwa ndani ya duka rasmi, chini ya jicho la kampuni kubwa.

Vipi basi kuhusu serikali kushika ufunguo? Tunao uzoefu wetu wenyewe. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Tarehe 12 Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, mitandao hiyo ilifungwa. Usiku wa tarehe 13 intaneti yote ikazimwa, ikarudi tarehe 18. Facebook iliendelea kufungiwa. Nakuuliza, mwanafunzi: ni kirusi gani kilichozuiwa siku hizo? Kilichotokea, mara zote mbili, ni kwamba watu walikimbilia VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako katika njia ya kando ili kukwepa kizuizi. VPN iliyotungwa na mtu mwaminifu ni chombo kizuri. Lakini ile uliyopewa na rafiki wa rafiki, usiyemjua aliyeitunga, inapitisha mawasiliano yako yote mikononi mwake. Kufunga kwa nguvu kulizaa ufunguaji wa hatari kuliko ule wa awali.

Basi tufanyeje? Waliosomea Jinja wanalijua bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 mahali Mto Nile unapotoka ziwani. Bwawa lile halikuuzuia mto usipite. Lina milango, na mtu anayewajibika kwa kiasi cha maji kinachopita. Usalama wa simu nao unahitaji milango ya namna hiyo, na milango hiyo ni minne.

Mlango wa kwanza ni kila programu kufungiwa chumba chake. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Android huipa kila programu utambulisho wake na eneo lake, isiweze kuchungulia ya jirani bila idhini. Programu ya kamusi haina haki ya kusoma hesabu zako za benki, hata ikitamani.

Mlango wa pili ni saini ya kidijitali, alama inayothibitisha kwamba programu haijachezewa tangu ilipotoka kwa aliyeitunga. Ndiyo maana toleo lililochezewa haliwezi kuchukua nafasi ya lile halisi kimyakimya. Ni lazima mtu alisakinishe kwa mkono wake.

Mlango wa tatu ni ruhusa. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, programu hutakiwa kukuomba ruhusa inapotaka kutumia kamera, kipaza sauti, mahali ulipo au orodha ya namba, nawe waweza kukataa na baadaye kuiondoa ruhusa uliyoitoa.

Mlango wa nne ni sheria. Ibara ya 27 ya Katiba yetu inalinda faragha ya nyumba, mawasiliano na mali ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inadai ridhaa ya mwenye data, na kwa mtoto inadai ridhaa ya mzazi au mlezi. Sheria hii si pambo. Mwaka 2021 mamlaka ya teknolojia ya taifa, NITA-U, ilikuta kwamba SafeBoda ilikuwa ikipeleka data za wateja kwa kampuni nyingine ya nje bila kuwafahamisha ipasavyo, ikaiagiza ijirekebishe. Programu haikufungwa, na mteja alilindwa. Hivyo ndivyo bawabu anavyofanya kazi.

Bawabu naye ahojiwe. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba kuanzia mwaka 2026, ikianzia Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, wasanidi watatakiwa kujitambulisha hata kama programu zao hazipiti dukani. Kumjua aliyetunga programu ni jambo jema. Nimekwisha kueleza madhara ya kutomjua. Lakini kampuni moja ikishika daftari la majina yote, nani ataisimamia ikikataa jina la msanidi kwa sababu zisizo za usalama? Mwenye simu abaki na neno la mwisho, baada ya kuonywa kwa maneno yaliyo wazi.

Hapo penye “maneno yaliyo wazi” ndipo penye kiini cha hoja yangu. Ridhaa kisheria ni kukubali kwa hiari huku ukifahamu unachokikubali. Mkulima wa Bududa anayebonyeza “Accept” chini ya kurasa kumi za Kiingereza cha wanasheria hakufahamu kitu, na asiyefahamu hakuridhia. Nadai, basi, kwamba kila programu inayokusanya data za Waganda iwe na maelezo mafupi kwa Kiswahili na kwa lugha za watumiaji wake. Najua nitajibiwa kwamba Kiswahili chenyewe hakijaenea vijijini. Ni kweli, na ndiyo sababu nimetaja pia Lusoga, Lumasaaba na Luganda. Lakini Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, na Android tayari inazungumza Kiswahili. Anayefundishwa lugha kwa lazima ana haki ya kuomba ridhaa yake iulizwe kwa lugha hiyo.

Kazi ya juma hili. Fungua mipangilio ya simu yako, au ya mzazi kwa idhini yake, ubadilishe lugha iwe Kiswahili. Kisha ingia kwenye orodha ya ruhusa. Kwa kila programu jiulize: kazi yake ni ipi, na je, kazi hiyo inahitaji ruhusa hii? Tochi inayoomba orodha ya namba zako inyime. Kisha andika aya moja ukitumia vitenzi hivi: ruhusu, ruhusiwa, ridhia, kataa, kataliwa. Eleza ni programu ipi uliyoinyima ruhusa, na kwa nini. Ukiona mimi ndiye niliyepotoka, andika hivyo pia, ukitoa sababu.